Kompyuta Yangu ya Kwanza Kupozwa kwa Maji

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, lakini sikuwa nimelala. Nimeunda kompyuta ya mezani inayopozwa kwa maji, ya kwanza maishani mwangu. Wako walioniuliza zamani kama mambo haya yanafaa hapa kwetu Mombasa au ni mchezo wa watu wa nchi za baridi. Leo naweza kujibu nikiwa na vipimo mkononi. Makala ni ndefu kidogo, basi tengeneza chai kwanza.

Shida yenyewe

Kazi yangu ni kuandika programu. Wateja wangu wako magharibi mwa Marekani, na wakifungua ofisi asubuhi, huku kwetu jua limeshazama. Kwa hivyo kazi nzito naifanya kati ya saa tatu na saa tisa za usiku. Tunaishi Mikindani, nyumba ya chumba kimoja na sebule. Sebuleni analala mdogo wangu anayesoma chuo. Meza yangu iko chumbani, mita mbili kutoka kitandani. Na tangu Januari chumba hicho kina mtu wa tatu: binti yetu.

Mashine yangu ina prosesa ya AMD Ryzen 9 5900X yenye viini 12. Nikiandika tu, iko kimya. Nikiiambia ikompaili mradi mzima, yaani igeuze maelfu ya mafaili niliyoandika yawe programu inayoweza kuendeshwa, viini vyote 12 huamka kwa pamoja na prosesa hula hadi wati 142. Hapo feni hupanda kama pikipiki inayokwea mlima, hulia dakika nne, kisha hushuka. Baada ya robo saa, tena. Mlio usiobadilika mtoto angeuzoea. Kule kupanda na kushuka ndiko kulikomwamsha.

Tena kuna joto. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la kama wati 100. Kwa hivyo prosesa peke yake, ikifanya kazi, ni sawa na kumwongeza mtu mmoja na nusu katika chumba kidogo, mwezi wa Machi, Mombasa! Mke wangu si mtu wa maneno mengi. Usiku mmoja aliniambia, "Kati ya kompyuta na mtoto, mmoja ahame."

Nilipiga hesabu. Kukodi meza katika ofisi mjini ni kumwacha mama na mtoto mchanga usiku kucha. Kukodi kompyuta ya mbali kwenye intaneti ni kulipa dola kila mwezi. Kuhamia sebuleni ni kumhamishia mdogo wangu shida ile ile. Ndipo nikaanza kuyafikiria maji.

Maji hayaleti baridi

Hili ndilo jambo ambalo ningependa ulishike hata ukisahau mengine yote. Kupoza kwa maji si friji. Maji hayaondoi joto duniani wala hayatengenezi baridi. Yanalibeba joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye radieta, na huko feni zinalikabidhi kwa hewa. Kama hewa ya chumba ina digrii 30, maji yako hayatashuka chini ya digrii 30, hata ununue vifaa vya bei ya gari.

Sasa faida iko wapi? Iko katika mambo mawili: mahali na wakati.

Kwanza mahali. Feni ya kawaida inakaa juu ya prosesa, kwa hivyo joto linamwagwa pale pale ndani ya kasha. Maji unaweza kuyapeleka kwa mpira hadi unakotaka wewe. Mimi nilitaka dirishani.

Pili wakati. Ili lita moja ya maji ipande digrii moja, inahitaji jouli kama 4,200. Lita moja ya hewa inahitaji jouli 1.2 tu. Mfumo wangu una maji lita moja hivi. Hata kama radieta isingefanya kazi yoyote, wati 142 kwa dakika nne zingeyapandisha maji yale digrii 8 tu. Waandishi wa programu wenzangu wataielewa haraka: maji ni bafa. Kazi inakuja kwa kishindo, bafa inaipokea, kisha radieta inaitoa polepole. Kwa hivyo feni hazina sababu ya kukurupuka kila prosesa inapopata moto. Zinafuata joto la maji, na maji hayana haraka.

Jambo hili si geni. Mwaka 1985 kompyuta kubwa ya Cray-2 ilizamishwa mzimamzima katika kiowevu kisichopitisha umeme. Mwaka 2004 Apple walitoa Power Mac G5 iliyopozwa kwa kiowevu, na baadhi ya mashine hizo baadaye zilivuja. Na miaka ile ya mwanzo wa 2000, wapenzi wa mambo haya waliunganisha pampu za matangi ya samaki na viradieta vya hita za magari. Hiyo ya mwisho ilinipa wazo.

Kwa fundi wa radieta

Karibu na steji yetu kuna mzee anayetengeneza radieta za matatu na malori chini ya mwarobaini. Nilimwendea Jumamosi moja asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari gani?"

"Si gari. Ni kompyuta."

Aliweka chini kichomeleo chake akanitazama kwanza, kisha akacheka mpaka wanafunzi wake wakaacha kazi. Lakini nilipomchorea mfumo kwenye mchanga, pampu hapa, radieta pale, mpira wa kwenda na wa kurudi, hakucheka tena. Alisema, "Hii ni injini tu." Na ni kweli.

Nilitaka aniuzie kiradieta cha hita ya gari kwa bei nafuu. Alinionyesha alivyokuwa navyo. Vyote vilikuwa vya alumini.

"Hicho kidude cha kukaa juu ya prosesa ni cha nini?" akaniuliza.

"Shaba, mzee."

"Basi usivioze hivi viwili. Mmoja atamla mwenzake."

Ukiweka alumini na shaba katika maji yale yale, umetengeneza betri. Mkondo mdogo wa umeme unapita kati yake, na alumini ndiyo inayoliwa, ikiacha matope na vitundu. Mzee alinionyesha radieta ya lori iliyopasuliwa, ndani imejaa uji wa kahawia. Mwenye lori alikuwa akiijazia maji ya kisima, na visima vingi vya Mombasa nyinyi mnavijua, vina chumvi. Chumvi huharakisha kuliwa huko mara dufu na zaidi. Kwa hivyo niliagiza vyote vya shaba. Binamu yangu anayefanya kazi Dubai alinibebea vile visivyopatikana hapa.

Vifaa na bei

Mtaniuliza tu, basi hii hapa orodha:

- Bloku ya shaba ya kukaa juu ya prosesa: Sh 9,500
- Radieta ya shaba ya feni tatu: Sh 9,000
- Pampu aina ya D5 pamoja na tangi lake: Sh 19,500
- Feni 3 za milimita 120: Sh 5,400
- Fitingi 6: Sh 5,100
- Mpira mweusi, mita 4: Sh 2,000
- Kiowevu na kipimajoto cha maji: Sh 2,500

Jumla Sh 53,000. Hiyo ilikuwa akiba yetu ya dharura, karibu yote. Na mashine yenyewe ndiyo jembe langu, sina nyingine. Nilikuwa na siku tisa kabla ya kukabidhi kazi kwa mteja. Maji yakimwagika kwenye ubao mama, hakuna mashine, hakuna kazi, hakuna malipo. Ndiyo maana nilikwenda polepole kama mtu anayebeba mayai.

Kuna mifumo inayouzwa ikiwa imefungwa tayari, na bei yake ni chini ya nusu ya hiyo. Shida ni kwamba mipira yake ni mifupi. Imekusudiwa kukaa ndani ya kasha, haiwezi kufika dirishani.

Na kwa nini mpira mweusi wakati ile ya kupenyeza mwanga ndiyo inayopendeza? Kwa sababu mwanga na maji ya uvuguvugu huotesha ukoka wa kijani. Kiowevu changu ni maji yaliyochemshwa, mvuke wake ukapozwa ukawa maji tena, yakatiwa dawa ya kuzuia kutu na vijidudu. Wengine huamini kwamba maji safi namna hiyo hayapitishi umeme, kwa hivyo hata yakivuja si neno. Yakiwa chupani ni kweli kiasi. Yakishazunguka siku chache ndani ya vyuma, yameshachukua vya kutosha kupitisha umeme.

Viputo

Nilipovipata vifaa, kwanza niliisuuza radieta kwa maji ya moto mara kadhaa, maana radieta mpya huja na mabaki ya kuchomelea ndani yake. Kisha nikarudi kwa mzee na radieta, bloku, mipira na fitingi, vyote vikiwa vimeunganishwa, ila pampu tu niliiacha nyumbani.

Aliziba mwisho mmoja, akafunga pampu ya baiskeli upande wa pili, akajaza hewa kwa presha kama nusu bar. Radieta ya gari hupimwa kwa presha kubwa kuliko hiyo, lakini hii inatosha kwa chombo kinachosukumwa na pampu ndogo. Tukavizamisha vyote katika beseni la kufulia lenye maji safi, tukasubiri.

Dakika ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu mzee alinyoosha kidole bila kusema neno. Kwenye fitingi moja ya bloku palitoka kiputo kidogo kama kichwa cha pini. Kisha kingine.

Tuliifungua. Ule mpira mdogo wa duara unaokaa chini ya fitingi ulikuwa umekatwa kidogo upande mmoja, umetoka hivyo kiwandani. Kwa jicho usingeuona. Mzee alipekua mkebe wake wa maziwa uliojaa mipira ya saizi zote, akapata unaoingia sawasawa, akaufunga. Tukapima tena robo saa nzima. Hapakuwa na kiputo hata kimoja.

Fikiria fitingi ile inakaa wapi. Bloku iko juu ya prosesa, na chini yake ndipo ilipo kadi ya michoro. Tone likianguka, linaanguka hapo. Mzee alinitoza Sh 200, nikataka kuongeza, akakataa. Alisema nimletee picha ikishawaka.

Kufunga na kusubiri

Chumba chetu kina madirisha mawili. La mashariki linapokea upepo, kusi na kaskazi. La magharibi linatazama uani. Radieta nimeifunga kwenye vyuma vya dirisha la uani, kwa ndani, feni zikipuliza nje kupitia wavu wa mbu. Upepo unaingia huku, joto linatoka kule. Ningeiweka dirisha la mashariki, upepo ungenirudishia joto langu lote chumbani.

Tangi na pampu viko kwenye kizingiti cha dirisha hilo hilo, juu ya sponji ili mtetemo usipite ukutani. Tangi ndilo liko juu kuliko vyote, kwa sababu hewa hupanda, na hewa ikinasa ndani ya pampu au radieta mfumo haufanyi kazi vizuri. Viungo viko sita. Vinne viko dirishani, mbali na umeme, na viwili tu viko ndani ya kasha. Ubaya ni kwamba kimoja cha hivyo viwili kikiachia, maji yote ya tangi yatashukia huko. Kwa hivyo hivyo viwili nilivikagua kuliko vingine vyote.

Wakati wa kujaza, kanuni ni moja: pampu isizunguke kavu hata kidogo. Maji yenyewe ndiyo grisi yake. Unajaza tangi, unawasha sekunde chache, maji yanashuka, unazima, unajaza tena. Na kompyuta yenyewe haiwashwi. Plagi kubwa ya pawa saplai unaichomoa kwenye ubao mama, unaunganisha tundu la 16 na tundu lolote la waya mweusi wa chini kwa kipande cha waya, na pawa saplai inaamini kompyuta imewashwa. Pampu inazunguka, vingine vyote havina umeme.

Nilizungushia kila kiungo karatasi ya shashi, nikaiacha pampu izunguke saa 24. Stima ilipotea mara moja saa nane usiku, ikarudi baada ya dakika ishirini, pampu ikaendelea. Mke wangu alikuwa macho akinyonyesha. Alichukua tochi ya simu akakagua karatasi moja baada ya nyingine, mtoto begani. "Kavu," akasema. "Zote kavu. Sasa lala."

Kesho yake jioni nikarudisha plagi mahali pake na kuiwasha kompyuta.

Matokeo

Vipimo hivi ni vya usiku, chumba kikiwa na digrii 29, nikikompaili mradi ule ule:

- Zamani: prosesa digrii 90, ambao ndio mwisho uliowekwa na AMD wenyewe, feni mizunguko 2,300 kwa dakika.
- Sasa: prosesa digrii 74, feni mizunguko 650, haipandi wala haishuki.
- Maji: digrii 31 kabla ya kuanza, 36 baada ya dakika nne, na 39 nikiishughulisha saa nzima mfululizo.

Utaona kwamba prosesa bado ni ya moto. Hii ni Mombasa, na hewa yetu ndiyo sakafu yetu. Lakini tazama feni. Na joto la prosesa sasa linatoka nje ya chumba. La kadi ya michoro na la pawa saplai bado linabaki ndani, sitawadanganya, ila lile kubwa la usiku limehama, kama mke wangu alivyoagiza.

Mwingine ataniuliza kama mpangilio wa mipira una maana, kwamba maji yatoke kwenye prosesa yaende moja kwa moja kwenye radieta. Piga hesabu: maji yanazunguka kama lita 3 kwa dakika, na yakipita kwenye prosesa ya wati 142 yanapanda digrii 0.7 tu. Maji yote ya mfumo yana joto karibu moja. Panga mipira inavyokuwia rahisi, mradi tangi liwe mbele ya pampu.

Rafiki yangu mmoja alipendekeza nitie barafu kwenye beseni la radieta. Hapana! Hewa yenye digrii 31 na unyevu wa asilimia 70, ambayo ni hali ya kawaida hapa pwani, huanza kutoa umande juu ya kitu chochote chenye digrii 25 au chini ya hapo. Umeiona chupa ya soda baridi inavyotoa jasho mezani. Sasa hebu fikiria jasho hilo likiwa nyuma ya ubao mama.

Je, na wewe uunde?

Kama shida yako ni joto la prosesa tu, usihangaike. Nunua chombo kikubwa cha kupozea kwa hewa, chenye mabomba ya shaba. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya mfumo wangu, na hakidai matunzo. Na nikupe siri: hata mabomba yale mengi yana maji kidogo ndani yake, yanayogeuka mvuke upande wa moto na kurudi maji upande wa baridi.

Maji ya pampu yanakufaa pale unapohitaji kuchagua joto liende wapi na lini. Uwe tayari kuyatunza pia. Kila mwezi napiga mswaki mapezi ya radieta, maana vumbi letu lina chumvi. Kila mwaka nitabadilisha kiowevu na kukagua mipira. Waya wa pampu nimeuchomeka pale ubao mama unapotarajia feni ya prosesa, ili pampu ikisimama nipate onyo. Nisipolisikia, prosesa itajipunguzia kazi na hatimaye kuzima yenyewe.

Mradi wa mteja niliukabidhi siku moja kabla ya wakati. Picha nilimpelekea mzee, akaibandika kwenye kibanda chake kati ya kalenda na bei za kuchomelea. Anawaambia wateja kwamba sasa anatengeneza na kompyuta.

Mwenye swali aniandikie, nitamjibu. Kwa leo niishie hapa. Kuna mradi unakompaili, viini vyote 12 viko kazini, na humu chumbani kila mtu amelala isipokuwa mimi.